Meza Kwanza, Mageti Baadaye: Ushauri kwa Fundi Mpya wa Kuchomelea

Pita kwenye vibanda vya kuchomelea vya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, utaona kazi nyingi zikifanyika chini. Geti limelazwa sakafuni, limeegeshwa kwa matofali na vipande vya mabomba, na fundi amechuchumaa juu yake. Mafundi wakongwe wanaimudu kazi hiyo kwa sababu macho yao yameshazoea kuona chuma kinapoanza kupinda. Anayeanza hana macho hayo bado. Akipokea kazi ya jirani na kuilaza kwenye udongo, atagundua siku ya kufunga kwamba bawaba hazikai, kona moja imenyanyuka na komeo halifiki kwenye tundu lake.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya fundi mpya iwe yake mwenyewe: meza ya kuchomelea, kisha toroli la kubebea mashine na vifaa. Meza ni kipimo kabla ya kuwa samani. Ikiwa imepinda, upindo wake utahamia kwenye kila fremu utakayoijenga juu yake. Kwa hiyo hangaikia unyoofu wake kwanza. Unene, rangi na urembo vifuate.

Kabla ya kununua chuma

Anza na umeme ulio nao. Soketi ya kawaida ya nyumbani Tanzania na Kenya imetengenezwa kwa ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni karibu kilowati 3 tu. Ukichomelea kwa rodi ya milimita 2.5 ukiwa umeweka mashine kwenye ampea 80, inveta itavuta kwa makadirio kilowati 2.3, na soketi itastahimili. Ukipanda hadi rodi ya milimita 3.2 na ampea 120, mahitaji yanazidi kilowati 3.5, na plagi inaweza kuanza kuyeyuka. Meza hii yote inajengeka kwa rodi za milimita 2.5 za aina ya E6013, ambazo zinawaka kwa urahisi na zinapatikana karibu kila duka la vifaa. Kama unatumia waya wa kurefushia uliozungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kuanza. Ukiubakiza umejikunja utapata moto mwingi na unaweza kuungua.

Mashine zinazosukwa mtaani zimelea mafundi wengi, lakini anayejifunza peke yake asianze nazo. Nyingi zina vituo vya umeme vilivyo wazi na hazina waya wa ati wa kuaminika. Mafundi wanaozitumia wanajua mahali pasipoguswa, na wewe hujui.

Pili, macho. Miwani ya jua haikulindi. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila maumivu wakati wa kazi. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, ukihisi mchanga machoni na huwezi kuvumilia taa. Nunua kofia au ngao yenye kioo cha namba 10 au 11. Vaa shati la pamba la mikono mirefu, suruali ya jinzi isiyokunjwa chini, na viatu vya ngozi. Ndala haziingii kwenye kazi hii, na nguo za nailoni huyeyukia mwilini. Kama uko uani, simamisha bati au turubai zito kati yako na wapitao, hasa watoto, maana nao wana macho.

Tatu, fanya mazoezi kwenye vipande vya unene uleule utakaotumia mezani. Simamisha kipande kimoja juu ya kingine, chomelea upande mmoja tu, kisha kibane kwenye jiliwa na ukilaze kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono hadi kiachie. Tazama ndani ya mshono uliopasuka. Ukiona mstari mweusi wa slagi kwenye kona, au ukingo wa chuma cha awali ukiwa mkali kama ulivyokatwa, mshono ulikuwa umelala juu tu. Ongeza ampea kidogo, fupisha nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma, punguza mwendo, urudie. Jaribio hili linakupa jibu ambalo mshono unaong'aa kwa nje hauwezi kukupa.

Bamba: unene si kila kitu

Mabamba mengi madukani ni ya futi 8 kwa 4. Robo yake, yaani milimita 1220 kwa 610, inatosha kabisa kwa meza ya kwanza, na muuzaji atakukatia bila kubakiwa na vipande visivyouzika.

Kuhusu unene, hesabu ni nyepesi: mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Bamba letu la robo likiwa na unene wa milimita 6 litakuwa na kilo 35. La milimita 10 litakaribia kilo 58. La milimita 6 lenye fremu nzuri chini yake linatosha kwa madirisha, milango na mageti madogo, na watu wawili wanaweza kulibeba. Chini ya milimita 4 usishuke, kwa sababu joto la mshono litalikunja mapema.

Ukienda kwa wauza vyuma chakavu, nenda na kipande cha bomba la mraba kilichonyooka, chenye urefu wa mita moja. Kisimamishe kwa ubavu juu ya bamba, kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona, huku ukitazama mwanga unaopenya chini yake. Bamba lenye kutu ya juu juu si tatizo. Brashi ya waya itaimaliza. Bamba lililokatwa kwa gesi mara nyingi limevutwa na joto ukingoni, na lililowahi kuwa sehemu ya lori au tangi lina mikunjo usiyoweza kuinyoosha bila mashine. Kama una uwezo wa kuchagua, omba likatwe kwa gilotini. Na vipande vya matangi au mapipa yaliyowahi kuwa na mafuta uviache hapohapo. Mvuke uliobaki ndani ya pipa lililofungwa unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Mfuko usiporuhusu bamba zima, jenga uso wa meza kwa flati baa au chaneli zilizopangwa sambamba, ukiacha nafasi ya milimita 30 kati ya moja na nyingine. Huu si uamuzi wa mnyonge. Cheche na slagi zinaanguka chini badala ya kubaki mezani, klempu inaingia mahali popote, na baa iliyoharibika inabadilishwa peke yake. Kasoro yake ni kwamba kazi ndogo hazina pa kulala, na ni lazima uhakikishe kila baa iko kwenye kimo kimoja na wenzake.

Vipande na vipimo

Kwa fremu na miguu tumia bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye ukuta wa milimita 2 au zaidi. Bomba la ukuta mwembamba ni rahisi kununua lakini linatobolewa ovyo na mkono usiozoea. Epuka mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili jioni ileile. Kama huna jingine, saga zinki yote kwenye eneo la mshono na ufanye kazi mahali penye upepo.

Mabomba haya kwa kawaida huuzwa kwa urefu unaokaribia mita 6. Mawili yanatosha, ukikata kwa mpangilio. Fremu ya juu iwe milimita 1120 kwa 510, ili bamba litokeze milimita 50 kila upande. Ukingo huo ndio utakaoshikwa na klempu. Kutoka bomba la kwanza kata vipande viwili vya 1120 na miguu minne ya 800. Kutoka la pili kata vipande vitano vya 430: viwili vya ncha za fremu, kimoja cha katikati yake, na viwili vya kuunganisha miguu kwa chini. Kisha kata kimoja cha 1040 cha kuunganisha hivyo viwili vya chini kwa umbo la herufi H. Utabakiwa na karibu mita 3, na hizo ni za toroli, usizipeleke kwingine.

Chora mstari wa kukata kwa skwea pande zote nne za bomba, si upande mmoja. Kumbuka pia kwamba diski ya kukatia inakula milimita moja hadi mbili. Kata nje ya mstari, kisha saga hadi uguse mstari. Vipande vinavyopaswa kulingana vibane pamoja na uvisage kwa wakati mmoja. Mguu mmoja ukizidi wenzake kwa milimita 2 utaweza kuurekebisha baadaye, lakini kipande cha 430 kikizidi, fremu yote imekwenda upande.

Grainda yenyewe inaumiza mafundi wengi kuliko mashine ya kuchomelea, kwa hiyo usiiondoe kinga yake. Usifunge diski ya inchi 9 kwenye grainda ndogo: diski ya inchi 9 imetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi kama 6,600 kwa dakika, wakati grainda ndogo huzunguka kwa kasi inayokaribia maradufu ya hiyo. Soma pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski. Tarehe ya mwisho ya matumizi imepigwa hapo.

Kuunga fremu bila kuipinda

Mshono ukipoa husinyaa, na ukisinyaa huvuta chuma upande wake. Fundi hawezi kuuzuia mvuto huo. Anachoweza ni kuupangia mshono mwingine wa kuuvuta kwa upande wa pili.

Laza vipande vya fremu kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa kuliko zote ulizonazo. Sakafu isipokuwa sawa, weka vipande vidogo vya bati chini ya bomba hadi litulie. Piga nukta moja tu ya weldi kila kona, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Kwa fremu ya 1120 kwa 510 mishazari yote miwili inapaswa kusoma karibu milimita 1231. Ukipata 1234 upande mmoja na 1228 upande mwingine, fremu imelala. Gonga kona yenye kipimo kirefu kwa nyundo hadi vilingane. Samaki mkunje angali mbichi: fremu iliyoshikwa na nukta hurudi kwa pigo moja, na iliyochomelewa kote hairudi hadi uikate.

Mishazari inakuambia kama pembe ni za mraba. Haikuambii kama fremu imejisokota. Kwa hilo tumia nyuzi za fundi uashi. Weka nati nne zinazofanana juu ya kona nne, vuta uzi kutoka kona hadi kona juu ya nati hizo, na uzi wa pili ukatize juu ya wa kwanza. Nyuzi zinapaswa kugusana kidogo tu katikati. Zikiachana, au wa chini ukiusukuma wa juu, kona mojawapo imepanda au kushuka. Badilisha, wa chini uwe wa juu, uhakikishe tena. Pimamaji haitakusaidia hapa, kwa kuwa sakafu nyingi za uani zimejengwa na mwinamo wa kutoa maji, na fremu iliyonyooka kabisa inaweza kuwa imeinama pamoja na sakafu.

Baada ya hapo ongeza nukta, kisha chomelea kwa zamu: kona ya kwanza, halafu inayoikabili kwa mshazari, halafu mbili zilizobaki. Mshono mmoja mfupi, pumzika, hamia kwingine. Geuza fremu kadiri unavyoweza ili kila mshono uufanye ukiwa umelala chini yako. Mshono wa kusimama na wa juu ya kichwa una wakati wake wa kujifunza.

Bomba lolote utakaloliziba pande zote liachie kitundu kidogo mahali pasipoonekana. Hewa ya ndani ikipata moto hutanuka na kutoroka kupitia mwisho wa mshono, ikiacha tundu ambalo utalijaza mara tatu bila kuelewa kwa nini halizibiki.

Miguu na bamba

Pindua fremu, simamisha miguu kwenye kona, shikiza kila mmoja kwa nukta mbili huku skwea ikiwa pande zote mbili, kisha unga vile vipande vya chini vya umbo la H kabla ya kumaliza mishono ya juu. Chini ya kila mguu chomelea kipande cha bamba chenye nati ya bolti ya milimita 12, na bolti yake iwe mguu wa kurekebisha kimo. Kabla ya kuchomelea nati, ingiza bolti ya zamani ndani yake ili cheche zisiharibu nyuzi. Ukiziacha bolti zitokeze kama milimita 34, jumla ya kimo inafika 880, kimo kinachowafaa wengi wanaofanya kazi wakiwa wamesimama. Kama wewe ni mrefu sana au mfupi sana, simama wima, kunja mkono, na uso wa meza uwe chini kidogo ya kiwiko.

Bamba usilizungushie mshono mzima. Likalishe, libane kwa klempu hadi liguse fremu kote, na lishike kwa mishono minane ya milimita 25 kutoka chini, ukiruka kutoka upande hadi upande. Hiyo inatosha kulituliza, na siku utakapotaka kulibadilisha grainda itaiondoa kwa muda mfupi.

Usipake rangi juu ya bamba. Umeme unarudi kwenye mashine kupitia klempu ya ati, na klempu inahitaji chuma kitupu. Saga kidogo lile ganda la bluu-nyeusi linalotoka nalo kiwandani mahali utakapobana ati. Kwa walio Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako hewa ya chumvi huleta kutu kwa siku chache, kitambaa chenye mafuta mepesi mwisho wa kazi kinatosha. Asubuhi yafute kabla ya kuwasha, maana mafuta yaliyoungua huchafua mshono. Jiliwa lifunge kwa bolti juu ya mguu mmoja, si katikati ya bamba, ili mapigo ya nyundo yashuke hadi sakafuni.

Toroli

Toroli linajengwa juu ya meza, na hapo ndipo utakapoanza kuona faida yake: klempu mbili zinafanya kazi ya msaidizi. Kwa zile mita 3 zilizobaki tengeneza fremu ya chini ya 600 kwa 350, na nguzo mbili za nyuma zenye kama milimita 700 ambazo zitakuwa pia mpini. Rafu na nguzo za mbele zitoke kwenye engo ya 25 kwa 25.

Nyuma weka magurudumu mawili makubwa yasiyogeuka, mbele mawili madogo yanayozunguka. Uani kwenye udongo na kokoto, gurudumu dogo linakwama, kwa hiyo hata gurudumu la baro lililotumika ni bora kuliko kasta nzuri za ofisini. Beringi za gari zinafanya kazi kwenye saruji laini tu. Na ukichomelea ekseli, bana ati kwenye kipande hichohicho unachochomelea, karibu na mshono. Ukiibana mbali, umeme utapita ndani ya beringi na kuacha madoa yaliyoungua kwenye gololi zake, na gurudumu litaanza kukwaruza likiwa jipya.

Vitu vizito vikae chini. Mashine iwekwe kwenye rafu ya kati, imeinuliwa mbele kidogo ili usome namba bila kuinama, na isizungukwe na mabati: inveta inavuta hewa kwa feni, na feni hiyo hiyo inavuta vumbi la chuma kutoka kwenye grainda. Vumbi hilo likijaa kwenye saketi linaunganisha umeme pasipotakiwa. Kwa hiyo unaposaga, sukuma toroli liwe nyuma yako, mbali na mkondo wa cheche.

Rodi zinahitaji nyumba kavu. Kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, chenye urefu wa milimita 400 na vifuniko pande zote, kinatosha, kwa kuwa rodi nyingi hazizidi milimita 350. Ongeza kulabu mbili pana za kuning'inizia nyaya za mashine ili usizikunje kwa ukali, kulabu ya grainda, na ndoo ya mchanga au kizimamoto upande unaofikika haraka. Ukishazima mashine, kaa karibu kwa nusu saa. Cheche iliyojificha kwenye magunia au maranda haina haraka.

Kabla ya kupokea kazi ya mtu

Kazi ya kwanza juu ya meza mpya iwe fremu ndogo ya grili ya dirisha, futi 3 kwa 3, isiyo na mteja. Ipime mishazari baada ya nukta, baada ya nusu ya mishono, na baada ya kupoa kabisa, uandike namba zote kwa chaki pembeni. Utaona jinsi chuma kinavyotembea mkononi mwako, maana kila fundi ana kasi yake na joto lake. Tofauti ya mishazari ikibaki ndani ya milimita 2 baada ya kupoa, pokea dirisha la jirani na umtoze bei kamili. Ikizidi hapo, kata kona moja, rudia, na mwambie jirani asubiri kidogo.